Busaa Iliyotusomesha

Nimerudi nyumbani Webuye, magharibi mwa Kenya, baada ya miaka mingi Doha, na kila mtu ananiuliza nimeona mabadiliko gani. Stima imefika, sawa. Mimi nataka kuzungumzia busaa, pombe yetu ya kienyeji.

Huko nje wanaijua bia ya Tusker. Kiwanda chake kilianzishwa na walowezi mwaka 1922, na jina lenyewe linatokana na ndovu aliyemuua mmoja wao mawindoni. Lakini hadi 1947 sheria ya mkoloni haikumruhusu Mwafrika kunywa bia ya chupa. Babu zetu walikuwa na mtungi wao.

Jumamosi nilimkuta shangazi nyuma ya jiko. Unga wa mahindi ulikuwa umekandwa na kufunikwa siku kadhaa hadi ukachachuka. Sasa alikuwa akiukaanga juu ya bati, akiugeuza kwa sepeto mpaka ukawa wa kahawia. Baadaye utatiwa maji na kimea cha wimbi. "Punguza kuni, baba," aliniambia. "Unga ukiungua, wazee watajua kwa funda la kwanza."

Wazee huuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kilichosukwa nchani. Hapo ndipo mahari na kesi za mipaka ya shamba zilipozungumzwa. Na Agosti ya mwaka wa tohara, Mbukusu gani atapokea wageni bila busaa?

Mwaka 1980 chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ikapigwa marufuku, na busaa nayo ikaandamwa. Nikiwa mdogo niliona kina mama wakimwaga mitungi gizani, askari wakiwa njiani. Pombe ile ndiyo iliyokuwa karo yetu! Binamu zangu wote walisoma kwa busaa ya shangazi, na mmoja sasa ni muuguzi.

Sheria ya 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa, ila kwa leseni, viwango na chupa, mambo ambayo mama wa kijijini hayawezi. Ni kweli chang'aa iliyotiwa kemikali imeua na kupofusha watu, na anayeitengeneza ashtakiwe. Lakini mwaka 2004 Senator Keg, bia ya pipa ya kiwandani, ilipoanza, serikali iliipunguzia ushuru ili ishindane na pombe haramu. Kama kampuni kubwa ilisaidiwa, mpishi wa busaa je? Kaunti zetu za magharibi ziwape kina mama hawa leseni nafuu na mkaguzi wa afya, wapike mchana.