Kutafuta DSLR ya kwanza Kariakoo kwa hela isiyofika milioni

Nilikuwa na laki tisa na nusu, na humo ndani ilibidi zitoke kamera, lenzi, memori kadi na betri ya akiba. Kwa hela hiyo DSLR mpya (kamera ya lenzi za kubadilisha, yenye kioo cha ndani) ilikuwa nje ya uwezo wangu, kwa hiyo tangu mwanzo nilijua natafuta iliyotumika. Kazi niliyoilenga ni shughuli za mtaani kwetu: kipaimara, send-off, ubatizo. Mchana nje simu yangu haikuwa na neno. Usiku ukumbini, zile taa za rangi zikishawashwa, ndipo ilipokuwa ikiniaibisha.

Nilianzia kwa shemeji yangu anayepiga picha za harusi. Nikamwonyesha mbili nilizozipenda: Nikon D3300 ya megapikseli 24 na Canon 700D ya megapikseli 18. Moyo wangu ulishaegemea hizo 24. Akacheka. "Shemeji, lenzi ikikugomea saa mbili usiku na maharusi ndio wanaingia, utaazima kwa nani?" Yeye na wenzake wote wanatumia Canon, na lenzi ya Canon haikai kwenye bodi ya Nikon, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Isitoshe, bodi ya D3300 haina mota ya kufokasi. Zile lenzi za zamani za Nikon zinazouzwa bei ya kutupa, nyingi zinategemea mota ya kwenye bodi, kwa hiyo ningelazimika kuzungusha kwa mkono. Lenzi za EF za Canon zina mota ndani yake tangu mfumo huo uanze mwaka 1987. Megapikseli zikaishia hapo, nikaanza kutafuta 700D.

Kariakoo nako kuna maneno. Duka moja kijana alinionyesha Rebel T5i akaapa kwamba hiyo ni "ya Kimarekani, kali kuliko 700D", na bei yake imepanda ipasavyo. Ni kamera ileile. Kwetu na Ulaya inaitwa 700D, Marekani Rebel T5i, Japani Kiss X7i. Nilimwonyesha kwenye simu, akasema basi dada yangu tuongee. Kwenye matangazo ya mtandaoni wote wanaandika "bei maelewano" na "haina tatizo lolote", kwa hiyo nikaamua siendi kumwona muuzaji asiyekubali niikague kamera mchana, mahali penye watu.

Nilichokitilia mkazo zaidi ni lenzi. Dar ina unyevu, na lenzi iliyokaa miaka kwenye begi kabatini huota fangasi. Ukiitazama juujuu huoni kitu. Unaitoa kwenye bodi, unafungua vifuniko vyote viwili, unawasha tochi ya simu upande mmoja na kuchungulia upande wa pili kwa kuinamisha kidogo, mwanga usikupige jicho moja kwa moja. Vumbi chache si kitu, kila lenzi inazo. Fangasi ni nyuzinyuzi nyembamba zinazotawanyika kutoka ukingoni, kama utando wa buibui. Niliziona kwenye lenzi iliyokuwa inang'aa kwa nje hadi raha. Mwenye mali akaniambia, "Hiyo unafuta tu na kitambaa." Kitambaa hakifiki katikati ya vioo.

Bodi niliyoichukua ilikuwa ya mtu aliyehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani. Watu hawa ndio wa kuwatafuta, wanauza vifaa vyao wakiwa na haraka. Niliweka mwanya wa lenzi f/16, yaani tundu dogo, ili vumbi la kwenye sensa lionekane, nikapiga ukuta mweupe, nikakuza picha: vidoa viwili vya vumbi, vya kusafishika. Kuhesabu shata, yaani pazia la ndani ya kamera limefunguka mara ngapi kupiga picha, ndiko kulikonisumbua. Nikon huandika idadi ndani ya picha yenyewe, ila kwa 700D ilibidi niende na laptopu, waya na programu. Ikasoma zaidi kidogo ya 23,000, na shata ya kamera hii imekadiriwa kufika 100,000. Alianzia laki nane na nusu pamoja na lenzi ya 18-55, tukakubaliana laki saba.

Nikaongeza lenzi ya 50mm ya f/1.8 iliyotumika, laki moja na sitini. Namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi; ile 18-55 ukiivuta hadi mwisho inaishia f/5.6. Hii inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, na ukumbini tofauti inaonekana kwa macho. Kasoro yake ni kwamba kwenye bodi ya 700D inaona finyu, kama 80mm, kwa hiyo sebuleni kwa mtu ukitaka familia nzima unaishia kuegemea mlango.

Memori kadi niliijaza yote kwa laptopu nikafungua mafaili ya mwisho kabla ya kuiamini, maana feki zimejaa: imeandikwa GB 64, ndani haifiki hata nusu. Vifaa navihifadhi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu nilivyookota kwenye maboksi ya viatu.

Sasa natafuta flashi. Shemeji ana mbili na ananiazima moja, isipokuwa Jumamosi za Desemba, ambazo ndizo na mimi ninazo kazi.