Bahasha ya Gillian

Juzi binti yangu aliniuliza kama sadaka inayotolewa kwa uongo huhesabiwa, kwa kuwa alikuwa amempa bibi yake akiba yake ya sikukuu na kumwambia kwamba ni mimi niliyeituma. Swali hilo lilinirudisha darasani, mchana ule mwalimu wetu alipotusomea "One Thousand Dollars", hadithi ya O. Henry iliyomo katika kitabu chake cha mwaka 1908, The Voice of the City.

Bobby Gillian, kijana mponda mali, amerithi dola 1,000 kutoka kwa mjomba wake tajiri, kwa sharti kwamba akizitumia alete hesabu ya maandishi. Anazunguka mjini akiuliza watu wangezifanyia nini. Mwenye gari la farasi angefungua baa. Kipofu auzaye penseli anamtolea kitabu cha benki chenye dola 1,785, na hapo darasa zima likaangua kicheko. Mwishowe anampa zote Miriam Hayden, aliyekuwa chini ya ulezi wa marehemu na kuachiwa pete na dola 10 tu, akimdanganya kwamba mawakili wamegundua nyongeza katika wosia.

Hadithi ilipofika Gillian anaporudi kwa mawakili, mwalimu alipunguza mwendo. Nyongeza ya kweli ipo: kama Gillian ametumia fedha kwa busara au kwa kuwafaa wengine, atapata dola 50,000, kama amezifuja, dola hizo 50,000 zitakwenda kwa Miriam. Bahasha ya hesabu iko mezani. Mwalimu alichukua karatasi, akaichana kama Gillian anavyoichana hesabu yake, polepole, vipande virefu vyembamba huku sote tukiusikia mchaniko wake, akavitia mfukoni mwa koti, kisha akasoma maneno ya Gillian kwamba fedha zote zimeishia kwenye mbio za farasi.

Mvulana mmoja alisimama akasema huyo ni mpumbavu aliyejidhulumu, kwani angepokea 50,000 akamgawia Miriam nusu. Msichana wa mbele akamjibu kwamba mkono wa kushoto haupaswi kujua utoacho mkono wa kulia. "Lakini haukuambiwa uongo," mvulana akasema. Mwalimu hakuamua kati yao.

Mimi nilikuwa upande wa msichana, na kwa sehemu kubwa ningali huko. Naona kwamba sadaka kubwa ya Gillian ilikuwa jina lake jema, ambalo lilikuwa ndiyo kwanza lianze kupatikana, naye akalitoa mbele ya watu ambao wangemheshimu kwa kunyamaza tu na kuwaacha waisome hesabu. Hata hivyo, kila ninavyozidi kuwa mtu mzima ndivyo ninavyomfikiria zaidi Miriam, ambaye alikuwa amekwisha kulikataa penzi la kijana huyo, na sasa ataishi kwa mali yake bila kupewa nafasi ya kushukuru wala ya kukataa.