Kupata fremu ya baiskeli ya mbio inayomtosha mtu mrefu

Kiti cha baiskeli anaweza kukipandisha mtu yeyote mwenye alenki. Usukani una kikomo chake, na kikomo hicho kiliwekwa kiwandani fremu ilipochomelewa. Ndiyo maana mimi huanza kutafuta fremu kwa kuuliza usukani utafika juu kiasi gani. Alama ya saizi, 58 au XL, iliyobandikwa kwenye bomba huja baadaye, wakati mwingine haiji kabisa.

Nina kimo cha sentimita 193, na mguu wangu kwa ndani, kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, ni sentimita 93. Hesabu zote zilizo hapa ni za vipimo hivyo. Weka vyako, utaratibu haubadiliki.

Kipimo cha mguu usikitoe kwenye lebo ya suruali. Simama peku ukiwa umeegemeza mgongo ukutani, nyayo zikiachana sentimita 15 hivi. Chukua kitabu chenye jalada gumu, ukibane katikati ya mapaja huku uti wake ukielekea juu na ukingo mmoja ukigusa ukuta, kisha ukivute juu mpaka kigonge mfupa, kwa nguvu ileile ambayo kiti kitakusukuma. Mtu mwingine aweke alama ukutani usawa wa sehemu ya juu ya kitabu. Rudia mara tatu. Vipimo vikitofautiana zaidi ya sentimita moja, kitabu kilikuwa kimelala upande.

Zidisha kipimo hicho kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya kranki (mikono inayoshika pedeli) hadi juu ya kiti, ukifuata mstari wa bomba la kiti. Njia hii ilienezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, ambaye aliipata kwa Cyrille Guimard, mkuu wake katika timu ya Renault. Pedeli na soli za wakati ule zilikuwa nene, kwa hiyo anayetumia viatu vya kisasa vya kubana kwenye pedeli hupunguza kama milimita 3. Kwangu mimi 93 mara 0.883 ni sentimita 82.1. Hicho ni kianzio kizuri, hata kama baadaye utapandisha au kushusha kidogo kwa kusikiliza magoti.

Angalia jinsi mguu unavyotawala. Watu wawili wenye kimo cha 193, mmoja mguu wake 88 na mwingine 95, wanahitaji viti vya 77.7 na 83.9. Tofauti ni zaidi ya sentimita 6. Jedwali la duka linalouliza kimo tu litawapa fremu ileile, na angalau mmoja wao ataumia.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Bomba la juu lilikuwa limelala sawa na ardhi, fremu ikipimwa kwa urefu wa bomba la kiti, na mafundi walizidisha mguu kwa 0.65 hadi 0.67. Kwa 93 unapata fremu ya 60 hadi 62. Kanuni hiyo bado inafaa kwa fremu za chuma za miaka ya 1970 na 1980. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Giant walitoa TCR, iliyobuniwa na Mwingereza Mike Burrows, yenye bomba la juu linaloinama kuelekea nyuma na saizi chache za herufi. Wengine wakafuata. Tangu hapo urefu wa bomba la kiti hauelezi tena ukubwa wa baiskeli, kwa sababu mtengenezaji anaweza kulifupisha apendavyo bila kugusa sehemu ya mbele. Wengine wameendelea kuandika 58 kwa kukisia bomba la juu lingekuwa wapi kama lingelala sawa, na kila mmoja anakisia kivyake.

Hapo ndipo mtego wa mtu mrefu ulipo. Nguzo ya kiti ya milimita 350 inatakiwa iingie ndani ya bomba kwa sentimita 10 hivi (fuata mstari uliochorwa kwenye nguzo yenyewe). Zinabaki 25 nje, na kutoka reli za kiti hadi juu ya kiti ni kama 5. Jumla 30. Kwa kiti cha 82, bomba la kiti la sentimita 52 tu linanitosha! Muuzaji atapandisha kiti, atakwambia upande, miguu itanyooka vizuri, na wote wawili mtaamini kuwa baiskeli imekutosha. Kumbe hiyo ni fremu ya mtu wa sentimita 175. Nguzo ndefu namna hiyo pia hulielemea bomba: ikiishia juu ya kiungo cha bomba la juu na bomba la kiti, ufa huanzia hapohapo.

Vipimo viwili vinavyosema ukweli ni staki na richi. Staki ni kimo cha wima kutoka katikati ya ekseli ya kranki hadi mdomo wa juu wa bomba la kichwa, lile linalopitisha shina la foko. Richi ni umbali wa mlalo kati ya nukta hizo mbili. Havitegemei kiti kilipo wala bomba la juu lilivyoinama, na watengenezaji wengi wa leo huvichapisha.

Staki ninayoihitaji naipata hivi. Bomba la kiti lenye mwinamo wa digrii 73 linaweka kiti cha 82.1 kwenye kimo cha wima cha 78.5 juu ya ekseli. Nataka usukani uwe chini ya kiti kwa sentimita 7. Kwa mtu wa kimo changu hiyo ni nafasi ya kuendesha saa 3 au 4 bila shingo kukaza. Wanaoshindana hushuka 10 hadi 12, na anayeanza hukaa vizuri kwenye 3 hadi 5. Kwa hiyo katikati ya usukani inatakiwa kuwa 71.5 juu ya ekseli. Sasa toa vitu vinavyokaa juu ya bomba la kichwa: kifuniko cha beringi sentimita 1.5, pete za kuinulia 3, na nusu ya kimo cha stemu (mkono mfupi unaounganisha usukani na shina la foko) 2. Hizo ni 6.5, ila zimelala na foko, hivyo kimo chake cha wima ni 6.2. Stemu ya milimita 110 yenye digrii 6 hasi, kwenye bomba la kichwa la digrii 73, bado inapanda digrii 11 juu ya mlalo na kuongeza 2.1. Jumla 8.3. Toa kwenye 71.5, unabaki na 63.2.

Basi natafuta staki ya karibu sentimita 63. Fremu nyingi za mashindano zenye alama 58 zina 58 hadi 60. Ukinipa ya staki 58, usukani unakuwa chini ya kiti kwa sentimita 12.2. Ukinipa ile iliyoonekana kunitosha kwa nguzo ndefu, ambayo staki yake ni kama 55, tofauti inafika 15.2. Dalili zake zinajulikana: vidole vya pembeni hufa ganzi, shingo hukakamaa nyuma, na unajikuta unainamisha pua ya kiti chini ili kupumzisha kinena, halafu unateleza mbele na uzito wote unaangukia viganja. Watu hununua glovu nene na kiti kipya. Tatizo liko sentimita 5 chini ya mikono yao.

Kuna dawa ndogo. Kuigeuza stemu juu chini kunaipandisha kutoka digrii 11 hadi 23, na kwa stemu ya 110 hiyo ni faida ya sentimita 2.2, huku usukani ukirudi nyuma milimita 7. Pete zaidi zinawezekana kwenye shina la alumini au chuma. Kwenye shina la kaboni watengenezaji wengi wanaruhusu milimita 30 hadi 40 tu, na hapo sipitishi. Dawa hizi zinaziba pengo la sentimita 3. La 8 hazilizibi.

Fremu zenye staki hiyo huwa zile za masafa marefu, saizi 60 na 61, zinazofika 63 hadi 66. Mtu mrefu mwenye miguu mifupi na kiwiliwili kirefu anaweza kuridhika na fremu ya mashindano ya saizi 61, kwa kuwa kiti chake kiko chini. Mwenye miguu kama yangu aache aibu, achukue ya masafa.

Richi inahitaji uangalifu kidogo. Shina la foko limelala nyuma, hivyo kila sentimita 1 ya pete inarudisha usukani milimita 3. Ukilinganisha fremu ya staki 60 na richi 39.5 na nyingine ya staki 63 na richi ileile, hazilingani: ya kwanza ikiinuliwa hadi 63 inabaki na richi ya 38.6. Pia kutoka saizi 56 hadi 61 staki huongezeka karibu sentimita 5, lakini richi huongezeka 1 au 1.5 tu, kwa hiyo warefu wengi hutumia stemu ya 110 hadi 130. Ikikulazimu kuweka 80, fremu ni ndefu mno. Ikihitaji 140, ni fupi.

Urefu wa bomba la juu, ambao wauzaji hupenda kuutaja, unadanganya zaidi kadiri kiti kinavyopanda. Digrii moja ya mwinamo wa bomba la kiti inasogeza kiti cha 82 kwa sentimita 1.4. Kwenye fremu ya digrii 74 mimi hutafuta nguzo yenye kichwa kilichorudi nyuma milimita 25, la sivyo makalio yanakaa juu ya kranki na mikono inabeba mwili.

Baiskeli za mitumba haziji na jedwali, ila zinapimika kwa futi ya fundi. Jaza upepo tairi zote mbili sawasawa. Simamisha baiskeli wima kwenye sakafu iliyo sawa, tairi la nyuma liguse ukuta. Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya ekseli ya kranki, tuseme 27, kisha hadi mdomo wa juu wa bomba la kichwa, tuseme 88.5. Staki ni 61.5. Pima tena kutoka ukutani kwa mlalo hadi ekseli, 74.5, na hadi katikati ya mdomo uleule, 114. Richi ni 39.5. Ishia kwenye bomba lenyewe, usihesabu kikombe cha beringi kilichochomoza. Baiskeli ikiinama pembeni hata kidogo, namba zote zinaharibika, kwa hiyo mtu wa pili aishike.

Baada ya hapo tazama shina la foko. Mwenye baiskeli wa kwanza aliyependa kuinama huenda alilikata fupi, stemu ikalala juu ya kifuniko bila pete hata moja. Staki nzuri ya karatasi inapotea hivyo sentimita 3, na shina lililokatwa halirudi. Foko nyingine inapatikana, lakini iongeze kwenye bei kabla ya kukubaliana.

Fremu za chuma za zamani zina stemu ya kuchomeka ndani ya shina, inayopanda na kushuka hadi mstari wa kikomo, jambo linalomsaidia sana mrefu. Kipenyo chake cha kawaida ni milimita 22.2. Peugeot na nyingine za Kifaransa za enzi hizo zilitumia 22.0, kwa hiyo stemu ndefu ya kawaida haitaingia bila kupigwa msasa.

Fremu kubwa ina tabia moja ya kuangalia kwenye miteremko kama Kitonga ya Tanzania au Mai Mahiu ya Kenya: usukani kutetemeka kwa kasi, mtetemo ukikua wenyewe. Mabomba marefu hujipinda kirahisi, na uzito wako uko juu na nyuma, maana kwa kawaida mabomba ya chini ya nyuma huwa kama sentimita 41 kwa saizi zote. Bana bomba la juu kwa magoti, inua makalio kidogo, legeza mikono, punguza mwendo taratibu. Ukifika chini kagua kama beringi za usukani zina mchezo, na kama gurudumu lina spoki zilizolegea. Kwa mwili wa kilo 90 na zaidi mimi sipandi rimu ya nyuma yenye spoki chini ya 28, na tairi ni milimita 28 au 32 ikiwa foko inaruhusu.

Usukani wa sentimita 44 unawatosha wengi wenye mabega mapana. Zile pana za zamani huwa zinatokeza mbele sana. Kutoka kutokeza milimita 95 kwenda 75 ni sawa na kufupisha stemu sentimita 2, na mara nyingi ni nafuu kuliko kubadilisha fremu.

Kranki za urefu wa milimita 180 sizitafuti. Ni adimu, na 175 inafanya kazi vizuri kwa mguu wa 93. Baiskeli ikija na 170 nikaweka 175, nashusha kiti milimita 5 kwa kuwa pedeli ya chini imeshuka kwa kiasi hicho. Goti likiwa juu linakuwa limekaribia kifua kwa sentimita 1, na kama usukani tayari uko chini sana, paja ndilo la kwanza kugonga tumbo.