Fangasi ya chuchu, mama ananyonyesha: jibu nililipata hapa

Mama ana mtoto wa wiki tatu, chuchu zina fangasi, zinauma hata kanga ikigusa. Nilitaka kumwandikia flukonazo. Karatasi ya ndani ya boksi inatahadharisha tu, mwenzangu naye: "Mwachishe kwanza." Wiki tatu, jamani!

Kumbe LactMed, hifadhidata ya dawa na unyonyeshaji, ipo bure, kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Niliandika jina la kibiashara, nikakwama. Jina halisi likafungua. Kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo kuliko dozi anayopewa kichanga mwenyewe, na tafiti zimetajwa chini.

Makala za kulipia nazitafuta Hinari, mpango wa WHO wa kuzipatia nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya. Anayesajiliwa huko ni taasisi, kwa hiyo msumbueni mganga mfawidhi.