Kisimani, jua la utosi

Nimezima plei, mashine yangu ya gemu, saa nane usiku na usingizi hauji, basi acha niandike.

Nimeanza upya The Witcher 3, ile gemu ya CD Projekt Red ya Poland iliyotoka Mei 2015, safari hii kwa kiwango kigumu kuliko vyote. Mara ya kwanza niliicheza kwa kiwango chepesi: kwepa, piga, piga, kwepa. Mbinu hiyo moja ilinifikisha mwisho, nikabaki nikiamini kwamba maadui wake wanatofautiana sura tu.

Leo nimefika kwenye kile kijiji kilichokimbiwa na watu huko White Orchard, eneo la mwanzo la gemu, ambako kisima kimeshikwa na mzuka wa mwanamke. Ilibidi nishuke kisimani kuitafuta bangili yake, niichome pamoja na mabaki yake, ndipo akatokea jua likiwa utosini. Nilimvamia kama nilivyozoea. Upanga ukapita kama unakata moshi. Akanirushia vumbi la macho, nikawa sioni, nikafa. Nikarudi, nikafa tena. Mpwa wangu alikuwa amekaa pembeni, akauliza, "Mjomba, mbona humpati?" Sikuwa na la kumjibu.

Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu za viumbe anazotembea nazo Geralt, yule mwindaji wa viumbe ninayemchezesha, kurasa ambazo miaka yote nilizipita tu. Mzuka wa aina hii humuumizi sawasawa mpaka umlazimishe awe na mwili, na kinachomlazimisha ni Yrden, duara la uchawi linalowekwa chini. Upanga wa fedha nao upakwe mafuta ya kudhuru mizuka. Hapo vita vikageuka kabisa. Niliacha kumfukuza. Nikaweka duara, nikasimama ndani yake, nikangoja aje mwenyewe. Alipojigawa nikavikata vivuli vyake kwanza, kisha nikamgeukia. Mara ya sita akaanguka, na mpwa wangu akaruka kutoka kwenye kochi.

Jambo hili limenigusa kwa sababu nyingine pia. Mzuka yule hakubuniwa na watengenezaji wa gemu. Wapoland wanamwita południca, pepo wa kike wa mashambani anayewaandama wanaofanya kazi wakati wa jua kali. Bibi yetu Pangani alikuwa akitukataza kuzurura saa saba mchana, akisema hiyo ni saa ya majini kupita. Nilimkumbuka pale pale, pedi ikiwa mkononi.

Sasa kila adui namtazama upya. Nekker, vijitu vya porini, ni wadogo, lakini wanachomoza ardhini kwa kundi, na ukikubali wakuzunguke umekwisha. Griffin, yule mnyama mkubwa mwenye mabawa, anakaa juu, lazima umshushe kwanza kwa mshale au kwa Aard, uchawi wa kusukuma. Wale wafu wa mitoni ni dhaifu kwa moto, lakini ukizama majini panga zako hazina kazi, unabaki na upinde wa kufyatua peke yake, na mshale mmoja wa chini ya maji unamaliza kiumbe ambaye nchi kavu angekusumbua. Hivyo ndivyo ninavyopenda adui abadilike: anibadilishie miguu na subira, si rangi ya ngozi tu.

Si kila mahali gemu hii inafanya hivyo, na inaniuma kwa kuwa naipenda. Majambazi wa barabarani ni wale wale kutoka mashamba ya Velen hadi mji wa Novigrad. Bahari ya visiwa vya Skellige imejaa alama za ramani zinazoonyesha mizigo ya magendo, na kila ukikaribia moja, viumbe wenye mabawa wanashuka kwenye mashua kwa namna ile ile. Baada ya alama ya kumi nilikuwa napiga mishale bila hata kuwatazama.

Kesho jioni ni zamu ya griffin. Mpwa wangu ameshasoma ukurasa wake wote, na ameniambia nisithubutu kuanza bila yeye.