Nimetoka Kilwa Kisiwani, dhahabu yake iko Lisbon

Tulitoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri nikakaa dirishani. Kama hujawahi kwenda kusini, ukishapita Mkuranga ni mikorosho na mihogo, mnavuka Rufiji pale daraja la Mkapa, mikorosho tena. Mkorosho kwao Brazil jamani, na muhogo nao umetoka Amerika, vyote vilikuja na meli za Wareno, na leo kuna watu kibao kusini wanasomesha watoto kwa korosho. Meli zilezile ndo zilinifanya nipande hilo basi.

Shuleni tulikaririshwa sababu za Wazungu kuvuka bahari: dini, biashara, sifa. Nikaandika kwenye mtihani nikafaulu, ila kiukweli nilikuwa sijaelewa kitu. Nilielewa siku niliyosoma kwamba kule Lisbon, kwenye jumba la makumbusho, kuna chombo cha kanisani cha dhahabu kilichomalizwa mwaka 1506, na dhahabu yake ilitoka Kilwa. Toka siku hiyo nikasema lazima nifike.

Nangurukuru nikashuka, nikapata usafiri wa Kilwa Masoko, nikakata kibali, nikaingia kwenye mashua. Maji yametulia, mikoko pembeni, na mbele yako Gereza, ile ngome ya zamani, limesimama pale ufukweni kabisa, unaliona kabla hujaona nyumba ya mtu. Hata hilo neno gereza asili yake ni Kireno, igreja, yani kanisa, sisi tukaishia kufungia watu.

Kijana aliyenitembeza ni mzaliwa wa kisiwani. Akanambia, "Kaka, usiguse kwa nguvu, chokaa inamomonyoka." Nikaweka kiganja taratibu. Ni mawe ya matumbawe, ukisogeza jicho unaona vile vitundu vya wadudu wa baharini, vimejaa mchanga, na upande wa baharini mawimbi yameshakula ukuta. Cha Mreno kilichobaki ni kidogo, sehemu kubwa unayoiona ilijengwa na Waomani baadaye. Kilwa iliwahi kuwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, 2004 mpaka 2014, na ukisimama pale unaelewa kwanini.

Sa sikia, hawa Wareno hawakuja kuvumbua Kilwa. Kilwa ilikuwa inajulikana, msafiri wa Morocco Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifia mji, na Msikiti Mkuu ambao nimeingia na viatu mkononi ulishakuwepo. Wareno walikuwa wanataka pilipili manga ya India bila kupitia kwa wafanyabiashara wa Cairo na Venice waliokuwa wanapandisha bei. Tatizo ni kwamba nahodha wao Vasco da Gama alipofika Calicut, bandari ya India, mwaka 1498 zawadi alizobeba zilidharauliwa, na bidhaa zake hazikuwa na soko la maana, kule walikuwa wanataka dhahabu. Na dhahabu iko wapi? Inatoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe, inashuka Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, inapita Kilwa. Hapo ndo kila kitu kilikaa sawa kichwani kwangu, ile sababu moja ya "biashara" niliyoikariri kumbe ndani yake kuna mji mzima wa watu.

1502 da Gama akarudi na meli za mizinga, akamtisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, mpaka akalipa kodi ya dhahabu. Julai 1505 akaja Mreno mwingine, kamanda Francisco de Almeida, askari wakashuka, Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa, wakamweka mtawala wao na kujenga ngome. Na mwaka huohuo Wareno wakajenga ngome nyingine Sofala, yani wakakaa kwenye bomba la dhahabu kabisa. 1512 wakaiacha ngome ya Kilwa wakaondoka. Miaka saba tu! Ile dhahabu haikurudi tena kupita Kilwa kama zamani, na hilo ndo linaloniuma zaidi kuliko hata uporaji, maana nyumba inajengwa tena ila njia ya biashara ikishahamishwa watu wanakaa na msikiti mkubwa usio na mji wa kuujaza.

Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, tulienda kwa miguu, jua kali, kuna lile birika la pembe nane limekauka, nilikaa pale muda mrefu bila kuongea.

Mchana tukala kwa bibi mmoja kijijini, muhogo wa nazi na changu. Nikatoa simu nikamwonesha picha ya kile chombo cha Lisbon, mitume kumi na wawili wamepiga magoti, dhahabu inang'aa mpaka kwenye kioo cha simu. Akafuta mkono kwenye kanga, akaishika, akaiangalia kwa muda.

"Wameandika kama ni yetu?"

Nikamwambia bibi, wameandika, chini pale kwenye kitako, kwamba mfalme Manuel wa Ureno aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la Kilwa lipo, limeandikwa.

"Nioneshe hapo," akasema, nami nikaanza kuivuta picha ikue.