Siku ya tatu barabarani, tumeingia Malawi

Jamani, tumefika! Tulitoka Kimara, Dar es Salaam, saa kumi alfajiri, mimi na mume wangu, likizo yetu ya kwanza nje ya nchi kwa gari letu wenyewe. Mikumi tulipita taratibu, twiga wako kandokando ya lami kabisa. Ila mlima Kitonga! Malori yamepangana kwenye kona, bonde liko chini huko, mwenzangu kashika usukani kimya, mimi nasoma dua mpaka tukatokea juu. Tukalala Iringa, kesho yake Mbeya. Baridi ya Mbeya acheni tu, nililala na koti la mume wangu.

Leo asubuhi tumevuka daraja la mto Songwe pale Kasumulu, mpakani. Mkija, bebeni kadi halisi ya gari na bima ya COMESA, ile kadi ya njano ya kuendeshea gari nchi za nje. Huku saa inarudi nyuma kwa saa moja, basi tumeongezewa saa nzima ya likizo.

Sasa tuko Karonga, ufukweni. Ziwa ni lile lile letu la Nyasa, na ng'ambo naiona milima ya Livingstone, ya kwetu nyumbani. Nimeitazama mpaka machozi yakanilengalenga. Mume wangu ameagiza chambo, samaki wa ziwa hili, wa kukaanga, nasikia harufu yake inakuja.